Maswali ya wasomaji: Tumbo linapona ila chakula bado kinanikataa

Mwezi huu karibu meseji zote ni za tumbo. Nimechagua chache ambazo zitawafaa na wengine walioniuliza mambo yanayofanana, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu ndani yake kuna maswali ya watu wengi sana.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala, nasumbuliwa na vidonda vya tumbo tangu 2021. Nimemeza dozi ya bakteria mara tatu, kila nikienda kupima damu wanasema bado yupo wananipa tena. Maumivu makali ya zamani yamepungua kweli, saivi siamki usiku, ila chakula ndo kimekuwa shida, nikila tumbo linajaa, gesi, linaunguruma mpaka aliyekaa pembeni anasikia, siku nyingine choo hakitoki siku nyingine naharisha. Kila mtu kaniambia niache kitu, duka la dawa walisema maharage na pilipili, mama mkwe akasema machungwa, nanasi na nyanya, kwenye grupu wakasema ngano ndo mbaya zaidi, alafu mayai, alafu chai, nikaacha vyote. Saivi nakula viazi vya kuchemsha, ndizi, uji wa maziwa na maziwa yenyewe maana wanasema yanaweka utando tumboni. Nimekonda dada, majirani wanaulizana naumwa nini. Harusini siendi, msibani nikienda sili. Niambie ukweli, ni vyakula gani niviache maisha yangu yote? Nimekutumia na picha za daftari langu maana huwa naandika ninachokula.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na asante kwa lile daftari maana limenisaidia kuliko unavyodhani. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: kwa ulivyoeleza sioni hata chakula kimoja chenye sababu ya kuachwa maisha yote. Kuacha chakula ni kipimo, na kipimo kina mwisho wake, unaacha kwa wiki chache unaangalia, unarudisha unaangalia, basi. Wewe umeambiwa acha na watu watano tofauti na hakuna hata mmoja aliyekuambia urudishe lini, ndo maana leo umebaki na viazi na ndizi.

Tuanze na bakteria. Anaitwa H. pylori, na waliomgundua ni madaktari wawili wa Perth kule Australia, Robin Warren na Barry Marshall, mwaka 1982. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa inaamini vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na tindikali peke yake, mpaka Marshall mwaka 1984 akaamua kumnywa huyo bakteria mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani akaanza kutapika, kisha akajitibu. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nakueleza hivi kwasababu miaka yote hiyo imepita na bado mtu akisema ana vidonda kitu cha kwanza anachoambiwa ni acha pilipili. Pilipili haitengenezi kidonda. Inaweza kukuchoma wakati tumbo liko bichi, kwahiyo ipumzishe ukiona inakuchoma, lakini vinavyotengeneza kidonda kwa sehemu kubwa ni viwili, huyo bakteria na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hukuniambia kama unameza dawa za mgongo au za hedhi, jiulize hilo, na kama unameza mwambie daktari.

Sasa hicho kipimo cha damu ulichopimwa mara zote. Kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na bakteria, na hao askari wanabaki kwenye damu miezi mingi, wengine miaka, hata bakteria akishakufa kabisa. Yani unaweza kuwa ulipona kwenye dozi ya kwanza na kipimo kikaendelea kusoma yupo. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi kama hospitali unayokwenda wanacho. Upime angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli, ile dawa ya kupunguza tindikali, uwe umeiacha wiki 2 kabla kwa kuelewana na daktari wako, maana ukipima huku unaimeza bakteria anaweza kujificha kipimo kikasema hayupo kumbe yupo. Ikionekana kweli yupo, usirudishiwe dawa zilezile, anaweza kuwa ameshazizoea.

Jambo jingine, je uliwahi kupimwa kwa kamera, kile kipimo cha mrija unaoingizwa mdomoni kuangalia tumbo? Huku kwetu kila anayeumwa chini ya chembe ya moyo anaitwa mgonjwa wa vidonda, na wengi wakiangaliwa hawana kidonda. Muhimbili wanakifanya, KCMC na Bugando pia. Umri wako sijui, lakini kwa mtu anayepungua uzito kama wewe mimi ningeomba rufaa ya kipimo hicho bila kusubiri. Na hizi dalili hazingoji gazeti: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa, chakula kukwama kikishuka, kizunguzungu na kuishiwa damu. Ukiona mojawapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Turudi kwenye chakula, na hapa ndo daftari lako linapoongea. Kidonda chenyewe kikitibiwa vizuri kinafunga ndani ya wiki 4 mpaka 8. Hii ya kujaa, gesi, mara choo kigumu mara laini, inatokea chini zaidi, kwenye utumbo, na inakuwa kawaida sana kwa mtu aliyepitia dozi za antibayotiki moja baada ya nyingine. Utumbo unabaki unashtuka haraka. Chakula kilekile ulichokuwa unakula bila kujua kama una tumbo, saivi kikitoa gesi kidogo unaisikia yote.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe. Jumapili, uji wa maziwa saa moja asubuhi, saa tatu umeandika "limejaa". Jumatatu hivyohivyo. Jumanne usiku glasi ya maziwa kabla ya kulala, asubuhi choo mara tatu. Jumatano umeandika "maziwa yameisha", ukanywa uji mtupu wenye sukari kidogo, mchana viazi, usiku ndizi na mchuzi, na pembeni umechora mstari ukaandika "leo afadhali". Alhamisi maziwa yamerudi na gesi imerudi. Hukuiona kwasababu maziwa kwako yalikuwa dawa, mtu hamshuku anayemtibu.

Na hiyo imani ya maziwa kuweka utando ina historia ndefu. Kuna daktari wa Chicago aliitwa Bertram Sippy, mwaka 1915 alitangaza matibabu ya vidonda ambayo mgonjwa alikuwa ananyweshwa maziwa na malai kila saa, na yalitumika miongo mingi. Baadaye ikajulikana kwamba maziwa yanatuliza kwa muda mfupi tu, kisha protini na kalsiamu zilizomo zinaliambia tumbo litoe tindikali zaidi. Juu ya hapo kuna sukari ya maziwa, laktosi, ambayo watu wazima wengi wa Afrika hatuna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, inashuka mpaka utumbo mpana na bakteria wa huko wanaichachua, ndo hiyo gesi na kuharisha.

Jumatano moja haitoshi kuhukumu. Kwahiyo fanya hivi, wiki 2 bila maziwa fresh kabisa, wala ya unga, wala kwenye chai. Mtindi uache kwa sasa, utakuwa wa kwanza kurudi kwasababu wakati maziwa yanaganda bakteria wanakula sehemu ya hiyo laktosi, wengi wanaokataliwa na maziwa fresh wanakunywa mtindi vizuri tu. Wakati huohuo, na hili nalisisitiza, anza kurudisha vile ulivyoviacha bila sababu. Mayai leo. Yai halina sukari inayochachuka wala halichubui kidonda na wewe unahitaji protini kuliko mtu yeyote anayesoma hapa. Samaki, kuku, dagaa, ugali wa sembe, wali, mchicha, karoti, vyote hivyo ni vyakula ambavyo utumbo unaoshtuka huwa unavipokea, na wewe umekaa unaviogopa.

Vile vyenye mashaka ya kweli, yani maharage, vitunguu, ngano, embe na tikiti, vinarudi kimoja kimoja. Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne ndo walioanzisha utaratibu huu, sukari zilizomo kwenye vyakula hivyo wanaziita FODMAP, ni sukari za aina fulani zisizofyonzwa vizuri, na walichokionyesha ni kwamba mtu apunguze vyakula vyake wiki 2 mpaka 6 tu, baada ya hapo arudishe. Watu wengi wanasikia ile sehemu ya kwanza peke yake. Kurudisha ni hivi: chagua chakula kimoja, siku ya kwanza kula kidogo, siku ya pili ongeza, siku ya tatu kula kiasi chako cha kawaida, chakula kingine chote kibaki kilekile. Ikipita salama hicho ni chako. Ikisumbua simama, pumzika siku mbili tatu, endelea na kingine, na hicho kilichosumbua utakijaribu tena baada ya miezi miwili kwa kiasi kidogo zaidi, maana tumbo linalopona linabadilika.

Maharage usiyarudishe kwa sahani. Yaloweke usiku kucha, asubuhi utayakuta yamevimba na maji yamekuwa ya rangi, juu kuna povu jembamba, hayo maji mwaga yote maana ndani yake ndo kuna sehemu ya zile sukari za gesi, osha, injika na maji mapya, yakishachemka kama dakika kumi mwaga tena, weka maji mengine uyapike mpaka yalainike kabisa yawe yanapondeka kwa vidole. Anza na vijiko viwili juu ya wali. Ladha inapungua kidogo, siwezi kukuficha, ila nazi inasaidia.

Kitunguu ndo kigumu kwa jikoni kwetu maana kila mchuzi unaanza nacho. Tumia majani ya kijani ya vitunguu vya majani, ile sehemu nyeupe ya chini iache. Kitunguu saumu kata vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta matupu kabla hujaweka nyanya wala maji, kikitoa harufu na kubadilika rangi kitoe chote utupe, mafuta yamebaki na ladha na ile sukari haiyeyuki kwenye mafuta. Lakini ukishaweka nyanya au maji kikiwa bado kipo ndani, imeshatoka, hapo kukitoa hakusaidii tena.

Omeprazoli kama bado umeandikiwa, imeze nusu saa kabla ya kula, wengi wanaimeza wakishashiba alafu wanasema haifanyi kazi. Baada ya mwezi niandikie, uniambie na kilo zako.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 63, Tanga. Maziwa nimekunywa tangu utoto, kwetu tulikuwa na ng'ombe. Miezi mitatu iliyopita niliharisha sana, hospitali wakasema ni giadia, yani kimelea wa utumbo, nikapewa metronidazoli nikapona. Tangu hapo nikinywa maziwa tumbo linachafuka ndani ya saa moja. Inawezekanaje chakula nilichokulia kinikatae uzeeni?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Inawezekana na inatokea sana baada ya giadia. Kile kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha kabisa za vinyweleo vya utumbo mdogo, ndo sehemu ya kwanza kuchubuliwa na kuharisha na ndo ya mwisho kurudi. Kwa wengi kinarudi baada ya wiki kadhaa, wengine miezi. Huenda hata umetoka kwenye jamii ambayo watu wazima wanayamudu maziwa, maana mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe kwenye vinasaba, tofauti na yale ya Wazungu, yanayowawezesha kuendelea kunywa maziwa ukubwani. Kama ndivyo ulivyo una nafasi nzuri ya kuyarudia.

Pumzisha maziwa fresh mwezi mmoja, kisha anza na mtindi nusu kikombe pamoja na chakula, usinywe tumbo likiwa tupu. Kalsiamu ipate kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao na kwenye mboga za majani. Ila mzee wangu, kwa umri wako naomba urudie kipimo cha choo uhakikishe giadia ameisha kweli, anaweza kubaki, na kama unapungua uzito, unaona damu au choo kimebadilika bila kurudi kawaida, mwambie daktari akuangalie utumbo mpana kwa kamera. Hilo tusilisingizie maziwa.

SWALI: Dada mambo, nina IBS, yani ule utumbo unaoshtuka na kusumbua bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo, daktari alishathibitisha baada ya vipimo vyote kuwa safi. Juzi nimelipa hela nyingi sana nikapimwa damu ya "mzio wa chakula", nimepewa karatasi yenye vyakula 38 vyekundu, wali upo, kuku yupo, karanga, ndizi, nyanya, mpaka mdalasini. Nimelia. Nile nini sasa? Niko Arusha, miaka 27.

JIBU: Futa machozi, iweke hiyo karatasi pembeni. Vipimo vya aina hiyo vingi vinapima kingamwili inayoitwa IgG, na IgG ya chakula inaonyesha zaidi kwamba mwili umekutana na hicho chakula, yani unakila. Ndo maana vyekundu vyako ni wali, kuku, ndizi na nyanya, angalia vizuri utakuta ni vile unavyokula kila wiki. Jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa mzio ilisema wazi mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta chakula kinachomdhuru mtu, wenzao wa Kanada wakasema hivyohivyo 2012. Inaniuma sana kuona vijana wanauziwa kitu hiki, maana anayeumwa tumbo miaka mingi atalipa chochote apate jibu.

Mzio wa kweli una sura yake. Unakula karanga au kamba au yai, ndani ya dakika chache, mara nyingi haizidi saa mbili, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka yanayowasha, pumzi inabana, unaweza kuzimia. Ikikutokea hivyo ni hospitali mbio, na chakula hicho hakijaribiwi tena nyumbani hata kidogo, zile njia za kurudisha taratibu nilizomwambia mama wa Mbagala hazikuhusu. Lakini gesi na kujaa baada ya saa kadhaa ni jambo jingine, linasumbua na linachosha ila halina hatari ya kukuua, na kipimo chake ni daftari.

Karatasi yako inanitisha kwa sababu moja, ukiifuata utaishi na vyakula vitano, utaanza kuogopa kula, na hofu yenyewe inafanya utumbo ukaze. Ubongo na utumbo vinaongea muda wote, umeona mwenyewe siku ya mtihani au ya interview tumbo linavyoenda. Rudi kwenye chakula chako cha kawaida kesho asubuhi. Kama kuna kimoja ulikuwa unakishuku kabla ya karatasi, anza na hicho tu, wiki 2 mpaka 4, kisha kirudishe.

SWALI: Habari dada. Binti yangu ana miaka 9, ana miezi mingi anaharisha, tumbo limevimba, haongezeki kilo, damu inapungua kila akipimwa, minyoo tumeshatibu mara nyingi. Wiki iliyopita nilimwachisha mkate na chapati naona kama ana nafuu. Je niendelee tu hivihivi au nimpeleke akapimwe? Dodoma.

JIBU: Mpeleke, na naomba sana chapati umrudishie mpaka apimwe. Najua inauma kumpa mtoto kitu unachohisi kinamuumiza, lakini ugonjwa ninaoufikiria, siliaki, unapimwa mtu akiwa anakula ngano. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili zinazotengenezwa kwasababu ya gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, ukiiondoa zinaanza kushuka na kipimo kinaweza kusoma hana kumbe anao. Wiki moja ni fupi, hujaharibu kitu, mwambie tu daktari ukweli wa siku alizokaa bila ngano.

Aliyeunganisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano kabla ya vita, na kwenye ile njaa kali ya 1944 na 1945 mkate ulipokosekana ikamwia wazi zaidi, wagonjwa wake wakawa wanapata nafuu wakati wengine wote wanadhoofika, mkate uliporudi wakaumwa tena. Na mtu asikuambie huu ni ugonjwa wa Wazungu, jamii inayojulikana kuwa nao kwa wingi kuliko zote duniani ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, kwenye utafiti uliochapishwa 1999 ulikutwa kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100.

Inawezekana sio siliaki. Kuna TB ya utumbo, kuna giadia, kuna mengine, ndo maana nakuambia hospitali kubwa yenye daktari wa watoto, na kuharisha miezi na damu kupungua sio kitu cha kutibu kwa kubahatisha nyumbani.

Ikithibitika ni siliaki, huyu sasa ndo mtu ambaye kweli ataacha chakula maisha yake yote, hakuna kurudisha kidogo kidogo, hakuna siku ya sikukuu. Bahati nzuri jiko letu linambeba: ugali wa sembe, dona, mtama, ulezi, muhogo, wali, viazi, ndizi, maharage, vyote havina gluteni. Hatari iko pale usipoitegemea. Uji wa lishe wa kununua mara nyingi una ngano ndani, soma pakti au tengeneza wako. Alafu mashine ya kusaga. Unapeleka mahindi yako masafi, aliyekutangulia amesaga ngano, unga wake umebaki kwenye kinu na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaopokelea, kilo zako za kwanza zinatoka zimechanganyika na macho hayaoni. Ongea na mwenye mashine, mpate siku ambayo hajasaga ngano au kinu kisafishwe, na kile kinachotoka mwanzo wapewe kuku. Shuleni waambie walimu mapema, mtoto wa miaka 9 akipewa andazi na rafiki yake hawezi kukataa kama hajafundishwa kwa upole kwanini.

SWALI: Asalaam aleikum, mimi ni msomaji wa Mombasa, nilipatikana na kidonda kwa kamera miezi miwili iliyopita, namalizia dawa. Nataka kufunga Ramadhani ijayo inshallah, ila futari ya nyumbani ni bajia, kaimati, viazi karai na juisi ya ukwaju, vyote hivyo vinanikataa saivi. Nifanyeje na sitaki kuwasumbua watu wa nyumbani?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwanza daktari aliyekuona ndani ndo mwenye kusema kama kidonda kimefunga, kama bado kiko wazi au kiliwahi kutoka damu usifunge, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa na siku zitalipwa. Akikuruhusu, mwombe akupangie dawa, ya mara moja kwa siku wengi wanaimeza nusu saa kabla ya daku, na ya mara mbili inaongezwa wakati wa kufungua, kabla ya kile chakula kikubwa.

Fungua kwa tende na maji, tende mbili tatu sio bakuli zima maana nazo zina sukari zinazochachuka, kisha uji wa mchele au supu isiyo na ndimu, swali magharibi, alafu rudi mezani kula kwa utulivu. Ule mwanya ni mzuri sana kwa tumbo lako. Mihogo au ndizi za nazi zisizo na pilipili, samaki wa kupaka au wa kuokwa, wali, hivyo vyote viko kwenye meza ya Mombasa, hutahitaji chakula cha peke yako. Bajia na viazi karai kinachokusumbua zaidi ni mafuta mengi kwenye tumbo lililokaa tupu, kwahiyo ukitamani kula kimoja mwishoni ukishakula chakula, usianze nacho. Ukwaju uache mwezi huu. Usilale palepale baada ya daku, kaa angalau saa mbili, na daku usiiruke.

Kuhusu kuwasumbua, ongea na anayepika kabla ya mwezi kuandama. Mwambie vitu viwili tu, uji usitiwe ndimu na samaki wako apakwe kabla ya kutia pilipili, hayo yanafanyika kwenye sufuria ileile.